Mashine Iliyokuwa Inakula

Katika uwanja wa shule niliyowahi kufundisha mkoani Singida lipo bomba la chuma, urefu wake kama mita saba, ambalo siku hizi hutundikwa bendera. Watoto hudhani lilisimikwa kwa kazi hiyo. Mimi ni miongoni mwa watu wachache waliobaki wanaojua kwamba mwaka 1983, juu ya bomba hilo, palikuwa na mapanga matatu ya mbao ya mninga, puli mbili, mkanda, na altaneta ya gari, na kwamba mapanga hayo yalizunguka majuma matano mazima bila ya kutupa mwanga uliodumu usiku mmoja.

Nataka kueleza kwa nini. Jibu nimelipata nikiwa mtu mzima sana, na katika kulitafuta nimejikuta nikisoma habari za watu wa Iowa, wa Scotland na wa Malawi, ambao kila mmoja kwa wakati wake alijiuliza swali lile lile tulilojiuliza sisi: ikiwa gari lina mashine ndogo ya kufua umeme, na upepo hauuzwi, kwa nini viwili hivi visikutanishwe?

Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na mafuta ya taa foleni ndefu kuliko zote. Betri za redio zilipopatikana zilifichwa chini ya kaunta kwa ajili ya jamaa. Wanafunzi wetu wa bweni walijisomea kwa vibatari, na mafuta yalipokosekana walilala mapema kama kuku, mtihani wa taifa ukiwasubiri. Lakini upepo tulikuwa nao. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Singida hauombi ruhusa. Hubeba vumbi, mabati mabovu na kofia za wageni. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia. Niliutazama upepo ule, nikatazama vibatari, nikaona haya.

Wazazi walichanga shilingi 20 kila mmoja. Tukamwita fundi wa magari kutoka mjini, mtu mpole, asiyesema sana, aliyesoma hadi darasa la nne na kujifunza kazi chini ya miti. Nilipomweleza azma yetu alifikiri kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mimi ningeona tutafute dinamo ya zamani, ya zile Land Rover za kwanza kwanza, tuisuke upya. Altaneta ni mashine ya mbio."

Nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye cheti. Dinamo, nilimwambia, ni mambo ya kale. Dunia yote imehamia kwenye altaneta. Hakubishana. Alileta altaneta aliyoinunua kutoka kwenye gari lililopinduka, akaifunga.

Sasa niuache uwanja wa shule kwa muda, maana hadithi hii ilianza mbali, na nusu karne kabla yetu.

Katika miaka ya 1920 redio iliingia mashambani Marekani kabla ya nyaya za umeme. Hata ilipofika mwaka 1935 ni shamba moja tu katika kila mashamba kumi lililokuwa na umeme wa gridi. Redio za wakati ule zilikuwa za valvu, zenye njaa kubwa ya betri, na mkulima alibeba betri yake hadi mjini kuichaji, kama watu wetu walivyokuja kufanya baadaye ili watazame mpira kwenye televisheni. Lakini wakulima hao walikuwa na magari, na gari likichakaa huacha dinamo. Ndugu wawili, John na Gerhard Albers, shambani kwao karibu na Cherokee huko Iowa, walitengeneza chaja ya upepo kwa ajili ya redio, na kazi yao ikazaa kampuni ya Wincharger ya Sioux City. Mwaka 1935 kampuni ya redio ya Zenith ikaungana nao, ikawa anayenunua redio ya shambani anapata na chaja ya upepo kwa bei nafuu. Matangazo yalidai kwamba umeme huo ungemgharimu mkulima senti 50 kwa mwaka.

Kilichonishtua niliposoma habari hizi ni kwamba mafundi wa vijijini kule hawakuichukua dinamo ya gari na kuipandisha juu ya nguzo kama ilivyo. Wengi waliifungua kwanza. Walitoa waya mnene wa kiwandani, wakasuka mwingine mwembamba zaidi wenye mizunguko mingi zaidi, ili volti za kuchaji zipatikane kwa mwendo wa polepole. Kampuni ya LeJay ya Minneapolis ikauza hata kitabu cha maelekezo ya kugeuza dinamo za magari makuukuu kwa kazi nyingine, upepo ukiwamo. Yaani lile alilolisema fundi wetu, "tuisuke upya", lilikuwa limeandikwa vitabuni kabla mimi sijazaliwa.

Ndugu wengine wawili, Marcellus na Joe Jacobs wa mashariki ya Montana, walikwenda mbali zaidi. Walianza na gurudumu la kinu cha kuvuta maji, lile lenye mapanga mengi kama ua, pamoja na vipuri vya Ford Model T. Wakaona gurudumu lina nguvu lakini halina mbio. Marcellus alikuwa amejifunza kurusha ndege, na akili yake ikaenda kwenye rafadha. Mapanga mawili yalitetemesha mashine upepo ulipogeuka, matatu yakatulia. Hatimaye waliachana kabisa na vipuri vya gari, wakatengeneza jenereta yao wenyewe, kubwa na nzito, iliyobuniwa izunguke polepole pamoja na mapanga. Ilikuwa mashine bora, na ilikuwa ghali. Hapo nadhani ndipo penye fundo la mambo yote haya: cha bei nafuu kilitengenezwa kwa kazi nyingine, na kilichotengenezwa kwa kazi yenyewe hakikuwa cha bei nafuu.

Mwaka huo huo wa 1935, mwezi Mei, Rais Roosevelt aliunda wakala wa kupeleka umeme vijijini uliojulikana kwa kifupi kama REA, herufi zile zile zinazotumiwa na Wakala wetu wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007. Nyaya zilipofika, vinu vya upepo vikashushwa mmoja mmoja, na katika miaka ya 1950 kiwanda cha Jacobs kikafungwa.

Kisha gari lenyewe likabadilika. Dinamo ilikuwa na udhaifu mmoja ambao kila dereva wa zamani aliujua: injini ikinguruma taratibu gari limesimama, taa hufifia. Umeme wote wa dinamo huzaliwa katika sehemu inayozunguka, na lazima upite kwenye brashi ili utoke nje, kwa hiyo huwezi kuizungusha kwa kasi mno bila kuiharibu. Zilipopatikana daiodi za silikoni za bei ndogo, njia nyingine ikafunguka. Mwaka 1960 Chrysler iliuza gari lake la Valiant likiwa na altaneta, na baada ya muda si mrefu watengenezaji wengine wakafuata. Katika altaneta umeme mkubwa huzaliwa katika sehemu iliyotulia. Kinachozunguka ni sumaku tu, na brashi hupitisha umeme mdogo wa kuifanya sumaku hiyo iwe sumaku. Basi inaweza kukimbia. Wakaifungia puli ndogo, na hata injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, altaneta huwa imeshavuka 1,600.

Msomaji na aangalie maneno haya: umeme mdogo wa kuifanya sumaku iwe sumaku. Ndani ya altaneta ya kawaida hamna sumaku ya kudumu. Kuna koili ya waya iliyozungukwa na makucha ya chuma, na koili hiyo ni lazima ilishwe kutoka kwenye betri. Hula ampea mbili hadi tatu. Kwa injini yenye nguvu za farasi sitini hicho si chakula, ni makombo. Kwa upepo ni karamu.

Hesabu yenyewe ni fupi, na ningeweza kuifanya ubaoni mwaka 1983 kama ningekuwa na unyenyekevu wa kuifanya. Mapanga yetu yalikuwa na kipenyo cha mita 2, yaani yalifagia eneo la mita za mraba 3 na kidogo. Upepo wa kawaida wa jioni ni wa mita 4 kwa sekunde. Katika hewa nyepesi ya nyanda za juu, upepo huo ukipita katika eneo hilo hubeba wati 105 hivi. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1920 kwamba hakuna kinu kinachoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo, kwa sababu upepo ni lazima ubaki na mwendo wa kuondokea. Mapanga ya kuchongwa kwa tezo hupata nusu ya hapo, yaani wati 30 hivi. Koili ya altaneta yetu, ampea 3 kwa volti 12, ilihitaji wati 36.

Hata kabla ya kuhesabu msuguano wa mkanda, tulikuwa tumeshapata hasara.

Na mbio? Mapanga ya ukubwa ule katika upepo ule huzunguka kama mara 230 kwa dakika. Puli zetu ziliongeza mara nne, ikawa 920, na altaneta za magari aghalabu hazianzi kuchaji chini ya 1,000. Mchana upepo ulipozidi maradufu mambo yaligeuka, kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu: mwendo mara mbili, nguvu mara nane. Saa kama hizo mshale wa mita ulipanda, wanafunzi wakapiga makofi, na mimi nikasimama chini ya bomba nikiwa kifua mbele. Jioni upepo ukapungua. Ili mashine isichelewe kuanza, mimi mwenyewe nilikuwa nimeagiza waya wa koili uunganishwe moja kwa moja na betri, bila swichi. Usiku kucha koili ilikunywa. Betri ya ampea 60 kwa saa humalizwa na ampea 3 katika saa 20. Asubuhi haikuweza kuwasha hata taa ya breki.

Tuliipeleka betri mjini, ikachajiwa, ikarudi, ikafa. Mara ya tatu fundi alikaa chini ya bomba tangu alfajiri. Alipanda, akaigusa mashine, akashuka. Akaja ofisini, akasema neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mashine hii inakula."

Nilidhani anatafuta udhuru. Mashine ya kuzalisha inakulaje? Nilimwambia aangalie kazi yake upya.

Kumbe neno lile lilikuwa limeshatoka nje ya ofisi na kugeuzwa. Sokoni watu hawakusema kwamba mashine inakula. Walisema fundi amekula. Kwamba alinunua altaneta mbovu kwa bei ya nzima. Kwamba shilingi 20 za wazazi zimeishia kilabuni, ingawa mtu yule hakuwa mnywaji. Kamati ya shule ilimwita, akaeleza alichokiona, nao wakanitazama mimi, mwalimu wa fizikia, niwaambie kama jambo hilo linawezekana. Nikasema kwamba mimi silijui. Sikusema uongo, lakini nilijua jinsi watakavyolisikia. Baada ya mwezi mmoja hivi alifunga karakana yake akahama.

Mwaka 2001 rafiki aliyerudi kutoka Uingereza aliniletea kitabu cha Hugh Piggott kiitwacho *Windpower Workshop*, kilichotoka mwaka 1997. Piggott anaishi Scoraig, rasi ya kaskazini magharibi ya Scotland isiyo na barabara wala umeme wa gridi. Unafika kwa mashua ama kwa miguu. Tangu miaka ya 1970 watu wa huko walijiundia vinu vya umeme kwa vyuma chakavu, naye aliandika kwa uwazi wa fundi kwamba altaneta ya gari inavutia kwa sababu inapatikana kila mahali, lakini inataka mbio nyingi na inakula nguvu nyingi. Nilisoma ukurasa huo nimesimama. Kisha nikakaa, nikachukua daftari nikafanya hesabu niliyoiandika hapo juu.

Dawa ya Piggott ilikuwa kuiacha altaneta na kuchukua kitu kingine cha gari: dramu la breki pamoja na beringi zake, vitu imara visivyojali mvua. Ndani ya dramu aligandisha sumaku za kudumu, zikazunguka kuzizingira koili alizozisuka mwenyewe. Hakuna puli, hakuna mkanda, hakuna brashi, na hakuna kinachokula upepo ukilala. Baadaye alihamia kwenye sahani mbili za chuma zilizopangwa sumaku, na katikati yake koili zilizomiminiwa gundi ngumu, na mtindo huo umeigwa na mafundi wa nchi nyingi.

Sumaku zenyewe zina kisa chao. Sumaku za neodimi, zenye nguvu zilizozipita zote za awali, zilipatikana mapema miaka ya 1980 na watu wawili mbalimbali, Masato Sagawa huko Japani na John Croat wa General Motors huko Marekani. Na General Motors walizitafutia nini? Walitaka stata ndogo na nyepesi ya kuwashia injini. Kwa hiyo gari, lililotunyima dinamo, lilirudi kwa mlango wa nyuma likiwa na sumaku mkononi.

Sumaku hizo zilipoanza kuuzwa kwa bei ya mafundi wa kawaida, hata altaneta ikapata tumaini jipya. Huifungua, ukatoa ile rota yenye makucha, ukaikereza ikawa mviringo mtupu, ukagandisha sumaku kumi na mbili, kaskazini na kusini kwa kupokezana. Kisha unasuka upya sehemu iliyotulia kwa waya mwembamba. Inachaji kwa mwendo mdogo, haili kitu. Lakini msomaji asidhani kwamba mambo yamekwisha hapo. Sumaku kali huvutwa na meno ya chuma ya sehemu iliyotulia, mapanga yakashikwa kama punda aliyekataa kuondoka, na upepo mdogo hauwezi kuyaanzisha. Ndiyo maana mafundi huzilaza sumaku kwa mshazari kidogo. Waya mwembamba nao hupitisha ampea chache, ukilazimishwa huungua. Na kwa kuwa sumaku ya kudumu haizimiki, siku ya dhoruba volti hupanda bila wa kuzizuia, mpaka uweke mzigo wa pembeni wa kumeza ziada. Yaani umeokoa fedha, umelipa kwa kazi.

Nilipokuwa nikidhani nimeshaelewa yote, ikaja habari ya William Kamkwamba. Mwaka 2002, baada ya njaa kubwa Malawi, kijana huyu wa Wimbe, wilaya ya Kasungu, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, alisoma kitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, akajenga kinu kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, mabomba ya plastiki yaliyonyooshwa kwa moto, na dinamo ya baiskeli. Akawasha taa. Ulimwengu ulistaajabia umri wake, na kwa haki. Mimi nilistaajabia dinamo. Ile ya baiskeli, ambayo tuliizoea tangu utoto ikisugua tairi, ina sumaku ya kudumu ndani yake. Hutoa wati 3, na hizo wati 3 zote ni zako. Mwaka 1983 walimu wetu watatu walikuwa na baiskeli zenye dinamo, nasi tulipita kando yake kila siku tukienda kuitazama altaneta.

Mwaka 2004 nilisikia kwamba fundi wetu yuko Manyoni, anasuka mota za mashine za kusaga. Nikapanda basi, daftari mkobani. Nilimkuta amezeeka, miwani imefungwa uzi, waya wa shaba mapajani. Nilimwonyesha hesabu zote, mstari kwa mstari, wati 30 na wati 36. Alisikiliza kwa adabu.

"Mimi hesabu sikujua," akasema. "Niliigusa tu. Alfajiri, upepo umelala kabisa, mapanga yamesimama, lakini mashine ina vuguvugu kama uji wa jana jioni. Nikajua kuna kitu kinaungua mle ndani. Nilikwambia."

"Uliniambia," nikamjibu.

Akarudi kwenye koili yake, akasuka kitambo bila kusema. Kisha akauliza hizo sumaku za neodimi zinauzwa wapi, na kama ni kweli kwamba zinabana vidole. Nilipoaga alinisindikiza hadi stendi, akaniambia hana haja ya kurudi kule, ila kama nitapita, hayo ya kwenye daftari niwasomee.

Niliwasomea. Ulikuwa mkutano wa wazazi, nami nilikuwa mgeni tu mwenye dakika tano. Wengi waliokuwapo walikuwa hawajazaliwa mwaka 1983, wakapiga makofi ya heshima. Waliochanga walikuwa wamebaki wanne. Mmoja wao, bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mbele, alisubiri nimalize, akainua mkono.

"Sasa mwalimu, ile shilingi 20 yangu alikula nani?"

Nikamwambia niliila mimi. Akanitazama, akacheka, akasema basi nikitoka nimpitishie chumvi dukani.